GARI YA MZIGO INAKULA OILI? SOMA DALILI MAPEMA KABLA INJINI HAIJANOKI

Kwenye page hii tunaongea sana picha nzuri, bei na namna ya kumjibu mteja. Leo tunashuka chini kidogo, tunafungua boneti. Maana unaweza kuposti vizuri, mteja akalipa kwenye simu, mzigo ukafungwa, halafu chombo cha kuupeleka kikafia njiani. Mteja haoni injini yako. Yeye anaona hela yake imeenda na mzigo haujafika.

Mimi si fundi wa cheti, nina duka. Ila ukiishi na Kirikuu na bodaboda kila siku, utajifunza tu, kwa kusimama gereji na kuuliza. Somo hili linamhusu mwenye Kirikuu, Noah, Probox, IST au pikipiki. Linamhusu pia anayekodi, maana ukijua dalili hutapakia mzigo wako kwenye gari inayoelekea kufa.

1. OILI INAFANYA KAZI GANI?

Wengi tunadhani oili ni ya kulainisha basi. Kulainisha ni kazi mojawapo. Oili pia inabeba joto kutoka sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, inaosha masizi na kuyapeleka kwenye filta, inaziba upenyo mdogo kati ya ringi za pistoni na silinda, na inazuia kutu.

Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni inapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde moja. Chuma na chuma havigusani moja kwa moja, katikati kuna utando mwembamba wa oili. Utando ukikatika, chuma kinasaga chuma, joto linapanda, beringi zinaharibika, mwisho injini inanoki.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Oili ikipungua, ile iliyobaki inafanya kazi ya wote. Inazunguka mara nyingi zaidi, inachemka zaidi, inachoka haraka. Na ukiwa kwenye mlima mkali au kona, oili kidogo iliyopo inakimbilia upande mmoja wa sampu, pampu inavuta hewa. Ndiyo maana gari inaweza kuzunguka Bombambili na Lizaboni wiki nzima bila kelele, halafu ikaanza kugonga siku imebeba mzigo kwenye milima ya Lukumburu njia ya Njombe, au njia ya Mbinga. Ugonjwa ulikuwepo siku zote, mlima umeufichua tu.

2. PIMA KWANZA, USIKISIE

Simamisha gari sehemu tambarare. Zima injini, subiri dakika 5 hadi 10 oili ishuke. Chomoa stiki, ifute kwa kitambaa kisafi, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Hapo ndiyo unasoma. Oili iwe kati ya alama ya chini na ya juu. Kwenye gari nyingi ndogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni karibu lita moja.

Usijaze kupita alama ya juu ukidhani unaipenda gari. Krenki itaipiga oili mpaka itoe povu, na povu halilainishi. Pia presha inaweza kusukuma sili zikaanza kuvuja.

Pikipiki ipimwe ikiwa imesimama wima, siyo imelalia stendi ya pembeni. Baadhi zina kioo kidogo pembeni mwa injini, nyingine zina kifuniko chenye kijiti. Kumbuka injini ya bodaboda inabeba kama lita moja tu hivi. Ikipungua robo lita, umepoteza robo ya oili yote.

Ukiwa na stiki mkononi, iangalie na kuinusa:

- Nyeusi tu: siyo ugonjwa peke yake. Oili inabeba masizi, na kwenye dizeli inakuwa nyeusi mapema sana. Angalia umetembea kilomita ngapi.
- Nzito kama lami: imepitiliza muda. Tope lake linaziba njia za oili.
- Rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia. Mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi. Usiwashe tena, ita fundi.
- Inanuka petroli, au kiwango kinapanda badala ya kushuka: mafuta yanaingia kwenye oili na kuifanya nyepesi.
- Inameta vipande vidogo vya chuma: beringi zimeanza kulika. Hapo hakuna mjadala, gari iende gereji kwa kuvutwa.

3. TAA NYEKUNDU YA OILI HAIPIMI KIASI

Hapa ndipo injini nyingi zinapofia. Kwenye gari nyingi tulizonazo, ile taa nyekundu yenye picha ya kibirika haisemi "oili imepungua, utaongeza kesho". Inasema presha ya oili imeshuka. Mpaka iwake kwa sababu ya upungufu, oili imeshakwenda chini sana. Ukiiona unaendesha, tafuta sehemu salama, simama, zima. Tunaongelea sekunde hapa. Usiseme "ngoja nifike stendi".

Ukishazima, fuata mpangilio huu:

Kwanza, chungulia chini ya gari. Kama oili inamwagika, ishia hapo.
Pili, subiri, pima stiki. Kama imepungua na hakuna inapomwagika, ongeza oili sahihi kidogo kidogo huku ukipima.
Tatu, washa. Taa ikizima ndani ya sekunde chache na hakuna mlio wa kugonga, nenda taratibu hadi kwa fundi.
Nne, kama stiki ilikuwa sawa na taa bado inawaka, usiendeshe. Inaweza kuwa pampu, chujio la ndani ya sampu limeziba, beringi zimechoka, au swichi ya taa yenyewe ni mbovu. Fundi afunge geji apime presha. Usikubali kuambiwa "ni swichi tu" kabla geji haijafungwa.

Dalili nyingine ni taa inayochezacheza gari ikiwa ya moto na imesimama inaunguruma, ukipiga resi inazima. Mara nyingi ni oili nyepesi mno au beringi zilizoanza kuchoka. Bado una nafasi ya kuokoa injini.

Halafu kuna hii ya kununua gari mkononi: geuza funguo bila kuwasha injini. Taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, ama balbu imeungua ama kuna mtu kaitoa ili usione ugonjwa. Uliza vizuri kabla hujatoa hela.

4. SIKILIZA INJINI

Zima redio, fungua boneti, sikiliza.

Mlio mwepesi wa tiki-tiki-tiki sehemu ya juu ni upande wa vali na tapeti. Oili imepungua, imechoka, au vali zinahitaji kurekebishwa.

Mlio wa kukwaruza sekunde chache unapowasha asubuhi, halafu unapotea, unaweza kuwa cheni ya taimingi. Toyota IST za kwanza, zile za 1NZ na 2NZ, hazina mkanda wa taimingi, zina cheni, na kikaza cheni kinasukumwa na presha ya oili. Mfumo wa VVT-i nao unaendeshwa na oili hiyohiyo. Kwa hiyo oili chafu inaweza kuleta gari inayokosa nguvu na taa ya injini kuwaka, wewe ukahangaika na plagi.

Mlio mzito wa ngo-ngo-ngo kutoka chini, unaoongezeka ukipiga resi au ukipanda mlima, ni beringi za kono. Huo hauna "tutaona". Kadri unavyoendelea, krenki inalika, na mwisho kono linaweza kutoboa bloku.

Angalizo: kuna mlio kama shanga zinatikiswa ukikanyaga mafuta mlimani. Huo mara nyingi ni uwakaji usio sahihi, petroli duni au joto kubwa. Usikimbilie kubadili oili kwa ugonjwa ambao si wa oili.

5. OILI INAPOTEA WAPI?

Oili haipotei kimiujiza. Njia ni tatu: inavuja nje, inaungua ndani, au inaingia kwenye maji.

Kuvuja ni rahisi kujua. Laza boksi la maboksi ya mzigo wako chini ya injini usiku, asubuhi angalia doa liko usawa wa wapi. Gasketi ya kava ya vali, nati ya kumwagia oili, filta iliyofungwa vibaya na sili za krenki ndiyo wahusika wakuu.

Kuingia kwenye maji utakujua ukifungua rejeta asubuhi injini ikiwa baridi kabisa: juu ya maji kuna mafuta yanaelea. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yale yanaruka na kuunguza uso.

Kuungua kunajulikana kwa moshi:

- Moshi wa bluu asubuhi ukiwasha, halafu unaisha: mara nyingi sili za vali.
- Moshi wa bluu ukikanyaga mafuta au ukipanda mlima: mara nyingi ringi za pistoni.
- Moshi mweupe mzito usioisha na maji yanapungua: kulanti inaungua.
- Moshi mweusi: petroli au dizeli imezidi, angalia filta ya hewa kwanza.

Ila mwezi wa sita na wa saba hapa Songea baridi ni kali, mvuke mweupe mwepesi asubuhi ni kawaida. Ukipotea baada ya dakika chache usiogope.

Kabla hujakubali injini ifunguliwe, mwombe fundi apime kompresheni. Anatoa plagi, anafunga geji, anasoma kila silinda. Ile iliyo chini anaitia kijiko cha oili na kupima tena. Presha ikipanda, tatizo ni ringi au silinda. Isipobadilika, tatizo liko kwenye vali au gasketi ya hedi. Kipimo hiki kidogo kinaweza kukuokoa kulipia kazi ambayo haikuhitajika.

6. VUMBI LINAVYOKULA OILI

Kiangazi ukiingia vijijini kufuata mahindi, maharage au mpunga, vumbi ni jekundu. Filta ya hewa ikichanika, au fundi akakwambia "tuitoe tu gari ipumue", vumbi linaingia kwenye silinda na kusaga ringi kama msasa. Baada ya hapo gari inaanza kula oili na hutajua ilianzia wapi. Filta ya hewa ni bei ndogo, ikague kila sevisi na kila ukitoka safari ya vumbi.

Filta ya oili nayo usiiruke. Ikiziba, ndani yake kuna vali inayofunguka ili oili ipite bila kuchujwa, injini isikauke. Yaani uchafu unarudi palepale. Kuweka oili mpya na kuacha filta ya zamani ni kama kuoga halafu ukavaa nguo chafu.

7. OILI GANI UNUNUE?

Fuata kitabu cha gari. Namba kama 5W-30 au 20W-50 zinaonyesha uzito: ya kwanza, yenye W, ni inavyotiririka kwenye baridi, ya pili ni uzito wake injini ikiwa ya moto. Nzito zaidi haimaanishi bora zaidi. Injini ya kisasa ina njia nyembamba za oili, ukiweka nzito mno inachelewa kufika juu asubuhi.

Pikipiki ina habari yake. Kwenye bodaboda nyingi klachi inaogelea ndani ya oili ya injini. Oili ya gari nyepesi inaweza kufanya klachi iteleze: unapiga resi, pikipiki haiendi. Tafuta iliyoandikwa JASO MA au MA2.

Nunua kwenye duka linalojulikana, kopo lina sili haijaguswa, lebo inasomeka, alama ya ubora ya TBS ipo. Oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji hujui imetoka wapi. Ukibadilisha, toboa au kata kopo tupu ili lisijazwe tena likauziwa mwenzako.

8. HESABU YA BIASHARA

Sasa tuje kwenye lugha yetu. Hizi ni namba za mfano, wewe weka bei za kwako.

Tuseme sevisi ya Kirikuu inachukua oili lita 3 kwa 12,000 kila moja, ni 36,000. Filta 10,000, fundi 10,000. Jumla 56,000. Ukifanya kila kilomita 5,000, oili inakugharimu shilingi 11.20 kwa kilomita. Safari ya kilomita 10 ni shilingi 112. Ukibeba oda nne kwa mkupuo, kila oda ni shilingi 28.

Shilingi 28 kwa oda! Hakuna mteja atakayekukimbia kwa hiyo. Iweke kwenye bei ya usafiri, na kila jioni iweke pembeni kwenye kibubu chake.

Upande wa pili: tuseme injini ya mtumba pamoja na kuifunga ni 1,800,000. Hiyo ni sevisi 32, sawa na kilomita 160,000. Na hapo sijahesabu siku ambazo gari iko juu ya mawe, oda zilizorudishwa, na mteja aliyehamia kwa mwingine.

Pima pia gari yako inakula kiasi gani. Ikipoteza nusu lita kwa kila kilomita 1,000, kutoka alama ya juu itafika ya chini ndani ya kilomita 2,000. Kama unatembea kilomita 120 kwa siku, hizo ni siku 17 tu. Sasa wewe unasubiri sevisi ya kilomita 5,000, utafika kweli? Ndiyo maana gari inayokula oili lazima ipimwe kila wiki, siyo kila sevisi.

9. KAMA CHOMBO ANACHO DEREVA

Hapa kuna ugomvi mwingi. Tajiri anapokea hesabu ya siku, kijana anaendesha, na oili inabaki yatima. Kila mmoja anasema ni ya mwenzake. Injini ikinoki mnaanza kutupiana maneno, na wote mmeshakula hasara: wewe huna chombo, yeye hana kazi.

Kubalianeni mapema na muandike: nani ananunua oili, inabadilishwa kwa kilomita ngapi, nani anapima. Dereva akikwambia "bosi, kuna mlio", usimwambie amalizie kwanza oda za leo. Ukimzoesha kwamba kusema ukweli kunamkosesha siku, ataacha kusema.

Weka daftari dogo kwenye gari. Tarehe, kilomita, oili iliyoongezwa, kilichofanyika. Daftari hilo ndilo litakusaidia gereji. Badala ya kusema "gari mbovu fundi", utasema hivi: "Shikamoo fundi. Gari inakula nusu lita kila kilomita elfu moja. Chini haivuji. Moshi wa bluu unatoka asubuhi tu, mlimani hautoki. Oili ilibadilishwa kilomita elfu mbili zilizopita." Fundi akisikia hivyo anajua aanzie wapi, na anajua pia kwamba hawezi kukubambikia.

10. IKIKUFIA NJIANI NA MZIGO WA WATU

Simama salama, weka pembetatu, zima injini. Usiendelee kupiga stata injini iliyogoma kuzunguka, utaongeza uharibifu. Tafuta chombo kingine kihamishe mzigo, hasa kama ni samaki, nyanya au maziwa. Halafu mwandikie mteja kabla hajakuuliza:

"Habari dada, mzigo wako upo salama. Gari imepata hitilafu njiani, nauhamishia gari nyingine. Utafika leo saa kumi na mbili jioni badala ya saa nane mchana. Nikiona mabadiliko nitakupigia. Samahani sana kwa usumbufu."

Andika saa ambayo unaweza kuitimiza kweli. Mteja anavumilia gari kuharibika, havumilii kudanganywa.

RATIBA YA KUBANDIKA UKUTANI

Kila asubuhi: chungulia chini ya gari, angalia taa ya oili inawaka ukigeuza funguo na inazima ukiwasha.
Kila Jumatatu: pima stiki, angalia maji kwenye tanki la akiba, andika daftari.
Kila safari ndefu, iwe Mbinga, Tunduru au Njombe: pima kabla ya kupakia, beba lita moja ya oili ileile.
Kila sevisi: oili na filta yake kwa pamoja, kagua filta ya hewa, angalia mavujo.

Kesho asubuhi kabla hujapakia oda ya kwanza, chomoa stiki. Dakika kumi tu. Na kama unamjua mwenzako ambaye gari yake inatoa moshi wa bluu na yeye anasema "ni uzee tu", mtumie somo hili leo. Kazi njema, tukutane somo lijalo.